Picha ya Wafu Iliyotiwa Nyimbo

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni chini na hizo simu muziweke kando kwanza. Niliwaona siku ya Idi mmejazana sebuleni kwangu, mnatazama picha ya wafu wanaotembea, hao mnaowaita mazombi. Mara mnapiga kelele, mara mnacheka mpaka mnaangukiana, na mwisho mkaanza kubishana: huyu anasema ni picha ya kutisha, huyu anasema ya mapenzi, huyu anasema hapana, ya kuchekesha hiyo, hamkumwona yule mfu aliyevaa tai? Mlipogeuka kuniuliza mimi mkakuta nimeshatoka. Mkasema bibi kaogopa. Sikuogopa. Picha ya namna hiyo niliitazama kabla mama zenu hawajazaliwa, hapa hapa Tanga, na ubishi wenu huo niliwasikia nao watu wazima wakibishana, na nyumba moja ikazimika. Aliyebaki wa kuikumbuka pamoja nami alikuwa Zuhura, na Zuhura tumemzika mwezi uliopita. Jambo likibaki kwa mzee mmoja liko karibu kupotea. Ndiyo maana naandika, kwa mkono huu uliosoma chuo cha Kurani zaidi kuliko shule.

Nani kamzaa nani, ulizeni wengine. Mimi nitasema mwaka mmoja tu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami ni msichana niliyekwisha kuvunja ungo, nimewekwa mtaa wa Mabawa kwa shangazi yangu Mwanaidi nimsaidie kazi. Nyumba ilikuwa ya udongo, vyumba viwili huku na viwili huku, ukumbi katikati, na uani kuna jiko la makuti ambako ndiko tulikoishi hasa. Mume wa shangazi, Bwana Kombo, alikuwa mtu wa bandarini, anatoka alfajiri anarudi alasiri, maneno yake machache. Mwenye maneno alikuwa shangazi. Akisonga bada, ule ugali mweusi wa muhogo, mwiko hausimami na mdomo hausimami, na mboga yake ya mchunga ilivyokuwa tamu pamoja na uchungu wake, majirani walikuja kuiomba na sahani mkononi. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Rukia, aliyeolewa Kigombe. Chumba cha Rukia ndicho nilichopewa mimi. Shangazi aliingia asubuhi kunitingisha niamke, na mara nyingi aliniita Rukia, kisha akajicheka mwenyewe akasema nimsamehe, ulimi umezoea. Siku hizo Rukia alikuwa mjamzito, na kila mtu wa Kigombe aliyeonekana sokoni alitwishwa kitu cha kumpelekea: ukwaju, udongo wa kutafuna, kanga kuukuu zilizolainika za kumpokelea mtoto.

Masika yalipoanza akaja mtu, kalowa chapachapa, amesimama mlangoni hataki kuingia. Alisema Rukia mgonjwa, njooni. Basi tulilopanda mimi na shangazi lilikwama kwenye tope, tukapokewa Tongoni na watu tusiowajua, na kulipokucha tukaendelea kwa miguu, viatu mkononi. Tulipofika Kigombe tulikuta mikeka imetandikwa nje, na wanaume wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Shangazi alisimama katikati ya njia. Hakulia. Alimwuliza mkwewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Mmemzika nani?" Wanawake wakamzunguka wakamwingiza ndani. Wakamwambia maiti hasubirishwi, kumharakisha ndiko kumheshimu, na kweli ndivyo tulivyofundishwa. Wakamwambia mtoto naye kaenda na mama yake. Wakamwambia Rukia kaenda vizuri, uso unang'aa, kama aliyelala. Yeye alikuwa akiitazama midomo yao mmoja mmoja. Mimi niliyekaa karibu na pazia nilimsikia mwanamke upande wa pili akimnong'oneza mwenzake kwamba hawa watu walijua mama yuko njiani. Mwenzake akamwambia anyamaze. Neno lile sikulielewa siku ile, nikalibeba tu kama mtoto anavyobeba kitu alichookota.

Baada ya arobaini shangazi akaacha kusimulia. Bada alisonga, lakini kwa kimya, na kimya kile cha jikoni kilikuwa kizito kuliko vilio vya matanga. Bwana Kombo akila uani alitafuta la kusema, akakosa, akanawa. Sasa Zuhura alikuwa jirani yetu, rika langu, msichana wa kucheka hata penye kizuka, mjane aliye edani. Aliwahi kulea watoto kwenye nyumba ya Wahindi na Kihindi chao akakishika. Yeye ndiye aliyesema tumpeleke shangazi zanana akapoze moyo. Zanana lilikuwa onyesho la sinema la mchana, la wanawake peke yao. Shangazi alikataa. Bwana Kombo, ambaye hakuwahi kutamka neno sinema nyumbani mwake, ndiye aliyemwambia aende. Alimwambia kwa upole, hamtazami, anatazama kikombe chake cha chai. Basi tukaenda. Ninaukumbuka ukumbi ule kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Joto, mabuibui yamefunuliwa, udi wa nywele umechanganyika na mikojo ya watoto, maganda ya machungwa ya Muheza yanatelezesha miguu, mwanamke mmoja nyuma yetu anamsema wifi yake kwa jina bila kujali yupo au hayupo. Zuhura alikaa katikati, na kazi yake ilikuwa kutufasiria. Alifasiri kwa sauti kubwa hata safu za mbele na za nyuma zikawa zinamtegemea, na akinyamaza kidogo wanampigia kelele, wewe mtoto, sasa kasema nini huyo?

Katika picha hiyo kulikuwa na tajiri mmoja mwenye mashamba, naye ana mganga wake. Mganga huyo huwalisha watu sumu, wakizikwa huwafukua, huwafanya watembee na kulima mashamba ya bwana wake, hawasemi, hawachoki. Mwari mmoja alilishwa sumu hiyo siku ya harusi yake, akazikwa na mapambo yake. Mchumba wake akaja kumtafuta, na mtumishi wake mnene mwenye masharubu. Hiyo ndiyo hadithi. Lakini ndani yake walikuwa wametia kila kitu. Yule mnene alijipaka unga usoni akajipanga kwenye mstari wa wafu ili aingie shambani, akawa anatembea kama wao, mikono mbele, mara pua ikamwasha. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Na shangazi alicheka. Nilimgeukia kwa mshangao. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la buibui, na Zuhura akanifinya kwa furaha, ona, ona. Hapo hapo nyimbo zikaanza. Mchumba alimwimbia mwari wake aliyekuwa analima mbele yake asimwone, jembe linapanda linashuka, macho meupe, na wanawake waliokuwa wanacheka sasa wakawa wanalia. Kisha yule mnene akaangusha mkate wake wenye chumvi, mfu mmoja akauokota, akaula, akafumbua macho akauliza yuko wapi. Kumbe wafu hawa hulishwa vyakula visivyo na chumvi, na wakionja chumvi hurudi. Mchumba akakimbia na chumvi kiganjani, akamtia mwari wake mdomoni. Mwari akatetemeka. Akamwita kwa jina. Kukawa na harusi, ngoma, na ukumbi wote wa Tanga ukapiga vigelegele kama tumealikwa.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi kuliko umri wa baba zenu, na nitawaambia nilichokipata. Picha ya kutisha tupu haikumdhuru mtu. Ukitoka nje jua linakupiga unasahau. Ya mapenzi tupu nayo, unalia, unapika. Hii ilimwua shangazi kwa vile ilivyochanganywa. Mtu mwenye msiba amejifunga, hapitishi kitu. Kicheko kilimfungua. Alipokwisha kufunguka zikaingia nyimbo, nyuma ya nyimbo ikaingia hofu, na nyuma ya hofu, mbaya kuliko yote, ikaingia tamaa. Wafu wa kutisha peke yao wasingempa tamaa. Tulipotoka nje wanawake walibishana njia nzima kama nyinyi. Huyu anasema hii picha ya mashetani, tusingeleta watoto. Huyu anasema ya mapenzi. Zuhura anasema ya kuchekesha, na anamwiga yule mnene barabarani. Shangazi akasema, "Ya kweli." Zuhura akacheka, akadhani ni mzaha, na mimi pia.

Nyinyi mmekulia kwenye taa za umeme, misukule mnaisikia kwenye maneno ya watu. Sisi tuliisikia jikoni. Ilisemwa wazi kwamba mtu huchukuliwa akiwa hai na badala yake hulazwa mgomba, watu wakazika mgomba wakidhani wamezika mtu. Na aliyechukuliwa hukatwa ulimi asiseme, hulishwa pumba, hulimishwa. Shangazi alikuwa ameyajua hayo tangu utotoni na hayakuwahi kumnyima usingizi. Ila katika yale ya kwetu aliyechukuliwa harudi. Picha ndiyo iliyompa chumvi, ikampa na harusi mwishoni. Asubuhi yake aliingia chumbani kwangu, akaketi kitandani, akaniuliza kwa utaratibu kabisa ni nani niliyemsikia Kigombe akisema kwamba amemwona Rukia kwa macho yake. Nikafikiri. Wote walisema uso unang'aa, lakini kila mmoja alikuwa ameambiwa na mwenziwe. Nikamwambia kweli, sikumsikia hata mmoja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu lake.

Tulirudi Kigombe. Aliyemwosha Rukia alikuwa Bi Tatu, mwosha wa wanawake wa mji ule, mrefu, mkavu, mwenye heshima yake. Tulimkuta uani anachambua uono, vile visamaki vidogo, ungo miguuni. Tulimpa shikamoo, akatukaribisha mkeka, akamwita shangazi mwanangu. Shangazi hakuzunguka. Alimwuliza kama ni yeye aliyemwosha Rukia, naye akasema ni yeye. Akamwuliza Rukia alikuwa na kovu wapi. Rukia alikuwa na kovu la moto ubavuni, alilolipata jikoni kwetu akiwa mdogo, na neno moja tu, ubavuni, lingetosha. Bi Tatu akaacha kuchambua.

"Mwanangu, ninayoyaona kitandani kwa maiti nayaacha kwenye maji yake. Usinivunjie amana yangu."

"Sikuulizi aibu yake, mama. Nakuuliza kovu."

"Kovu ni mwili. Na mwili wa maiti ni sitara."

"Basi niambie ulimwona. Niambie nilimwona mwanao Rukia, mwenyewe, si mwingine."

Bi Tatu akainama akaurudia ungo wake. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Mimi niliviona, shangazi pia aliviona. Kwetu sisi mwosha hufundishwa hivyo: akiona jambo kwa maiti analificha, na Mungu humficha yeye. Ni adabu nzuri. Lakini shangazi alikuwa hatazami tena adabu, alikuwa anatazama vidole. Basi lilipokaribia mjini akaniambia yule mama hakumwosha mtu, aliosha mgomba, na anajijua.

Toka siku hiyo kazi ikawa moja, kumtafuta Rukia. Asubuhi Bwana Kombo akitoka, shangazi anasonga bada, anaitia chumvi mpaka hailiki, anaifunga kwenye jani, na chumvi nyingine anaifunga pembeni mwa kanga, tunatoka. Mashamba ya mkonge yalikuwa mengi kuzunguka mji, na yeye alisema mtu ukitaka kuficha wasiosema utawaficha wapi kama si kwenye mkonge? Tulitembea kwenye zile njia nyekundu, mkonge huku na huku umesimama kama mikuki, jua la mchana kichwani. Manamba, wale vibarua wa kutoka bara, walituzoea. Wengine wakamtania, mama wa chumvi, leo umetuletea mboga? Yeye akawatazama usoni mmoja mmoja, akapita. Bwana Kombo alipojua, hakumpiga wala hakumfokea. Alimwita sheikh akaja kusoma, akamwita na mganga akaja na moshi wake, kisha yeye mwenyewe akaketi ukumbini mikono mapajani. Nilimsikia akimwambia sheikh, "Kaburi lifunuliwe, aone, yaishe." Sheikh akasema kaburi la Mwislamu halifunuliwi kwa dhana. Kweli alikuwa nayo, na wote waliosema naye mwaka ule walikuwa na kweli, kila mmoja yake, na shangazi anazidi kuteketea katikati.

Siku niliyoiogopa ilikuja tulipofika penye kuanikia nyuzi. Wanawake na wasichana wa bara walikuwa wanatandaza nyuzi za mkonge juani, na mmoja, umri wa Rukia, alikuwa peke yake pembeni, nyuzi nyeupe zimemganda nywele na kope, anafanya kazi bila kuinua kichwa. Shangazi alimsalimia. Hakujibu; kumbe Kiswahili hakijui, ndio kwanza wamefika. Shangazi akamsalimia tena, akamwita Rukia. Yule msichana akamtazama kwa macho matupu, akarudi kwenye nyuzi zake. Kabla sijawahi kumshika, shangazi alikwisha kumkamata shingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamsukumia chumvi mdomoni, konzi nzima. Msichana akapaliwa, akatapatapa, akapiga ukelele kwa lugha ya kwao. Na shangazi, nilivyomwona uso wake ulivyofunguka pale sitauona uso wa namna ile tena, akawa anamwambia, "Lia. Lia mwanangu, sauti hiyo inarudi." Nilimvuta kanga, ikanibaki mkononi. Nyapara alikuja mbio na fimbo. Lakini kabla yake alifika mwanamke wa makamo kutoka upande wa pili wa kamba za kuanikia, hakusema na shangazi wala hakumgusa. Alimchukua msichana wake, akamshika uso kwa viganja viwili, akaugeuza kwenye mwanga akautazama, macho, pua, mdomo, kisha akamfuta chumvi kwa nguo yake. Shangazi alisimama akamtazama mama yule anavyoutazama uso wa mwanawe. Alitazama mpaka wakaondoka. Kisha akaketi chini palepale kwenye vumbi, na nyapara akaishusha fimbo yake mwenyewe.

Hakwenda tena kwenye mkonge. Tukafurahi, wapumbavu sisi, tukasema kapona. Ila alianza kula chakula kisicho na chumvi. Alijipikia chungu chake mbali, bada na mboga chapwa, na nikimwekea chetu anakisogeza. Alisema ataonja akionja Rukia. Majirani wakasema msukule ni yeye mwenyewe sasa, mwoneni anavyotembea. Neno lile sikulipenda na silipendi hata leo. Msukule hana anachokitafuta. Zuhura alikuja kila siku, akamfanyia yale mambo ya yule mnene wa kwenye picha, mikono mbele, pua inawasha, ili acheke kama alivyocheka mara ile. Shangazi alimtazama kwa subira kama mgeni asiyejua lugha. Zuhura akatoka nje akalia nyuma ya jiko, na katika maisha yake yote hakuingia tena sinema. Vuli ilipokuja shangazi akapata homa, homa ya kawaida ambayo sote tuliipata mwaka ule tukapona. Yeye hakuwa na kitu mwilini cha kupona nacho. Alikufa mchana, mvua inanyesha, Bwana Kombo amemshika miguu.

Bi Tatu alikuja kutoka Kigombe bila kuitwa, akaomba amwoshe yeye. Wazee wakamkubalia. Mimi nilikuwa nachota maji namkabidhi, tuko wawili na pazia, na maji yanatiririka kwenye ufuo, lile shimo la chini ya kitanda. Alimwosha kwa upole mwingi sana. Alipofika usoni akasimama, kata ya maji mkononi, akaniambia, hanitazami, kwamba mama amekwenda alikokwenda binti na amana zao sasa ni moja, na yeye hawezi kufa nayo. Rukia alishikwa na degedege la uzazi. Alijing'ata ulimi wake mpaka ukakatika kipande, na uso ukavimba na kupinda hata asijulikane. Jamaa wa mume walikuwa wamepata habari kwamba mama yuko Tongoni, anakuja. Wakashauriana, wakaona ni ukatili mama kuuona uso ule. Wakaharakisha, kwa huruma. "Aliponijia akaniuliza," Bi Tatu akasema, "ningemwambia nini? Niseme nimemwona, akaniuliza uso ulikuwaje, akaniuliza ulimi? Ulimi, mwanangu. Ningemwambia ulimi umekatika?"

Swali lile nimezeeka nalo. Angesema, shangazi angeamini zaidi kwamba Rukia kachukuliwa. Hakusema, akaamini vilevile. Maneno yalikuwa yamekwisha kuharibika yote, hakuna lililofaa. Kitu kimoja tu kingefaa: angemwona. Angeuona uso ule uliopinda, ulimi ule, na kovu ubavuni, akaanguka, akapiga kelele siku tatu, akajipiga chini. Lakini angekuwa amemwona mwanawe, na mama humjua mwanawe hata amevimba. Hakuna picha ya mtu yeyote, iwe na chumvi, iwe na nyimbo, ingeweza kumwuzia mtoto mwingine. Bwana Kombo hakuambiwa habari hiyo. Alihama Mabawa akaenda kwao Pemba, na nyumba ile ikaanguka kwa mvua, chumba kimoja baada ya kingine, mpaka wakaja watu wengine wakajenga.

Mimi nilipoolewa nikawa na nyumba yangu, na baadaye wakwe, wakamwana na wajukuu, niliwakusanya wote ukumbini, wanaume kwa wanawake, nikawaambia nao wakaitikia, na kila anayeolewa au kuoa kuja humu huambiwa upya: Maiti wa nyumba hii hafungwi uso mpaka mama yake afike. Akiwa njiani, asubiriwe; dhambi ya kumchelewesha nimeibeba mimi. Akiogopa kutazama, mshikeni mkono mumpeleke mpaka kitandani. Na uso ukiwa umeharibika, hapo ndipo hasa msimfiche.